Sauti ya Kimoyomoyo: Maelezo Kuhusu Sauti na Taswira katika Usomaji wa Kimya

Utangulizi

Walimu wa shule zetu za msingi wana amri mbili ambazo kila aliyepita mikononi mwao anazikumbuka: soma kwa sauti, na soma kimoyomoyo. Amri ya kwanza ni rahisi kuikagua. Mwalimu husikiliza, na palipo na kosa hulisahihisha papo hapo. Amri ya pili haikaguliki. Mtoto huinamisha kichwa, macho yake huenda kutoka kushoto kwenda kulia, kisha hufungua ukurasa mwingine. Lakini yale yanayopita ndani yake hakuna ayajuaye ila yeye mwenyewe. Je, anasikia sauti? Ikiwa anaisikia, ni sauti ya nani, na inasema kwa matamshi ya lugha gani? Je, anaona picha ya yale anayosoma, au maana humfikia bila ya picha wala sauti?

Kwa muda mrefu maswali haya yameachiwa wataalamu wa elimunafsi, kana kwamba hayawahusu wanaisimu wala wahakiki wa fasihi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yanatuhusu sana, na hasa sisi tunaoshughulika na lugha za Afrika. Hoja yetu ni moja: sauti ya ndani ya msomaji si tabia mbaya ya mwanafunzi mzito, wala si pambo la msomaji hodari. Ni chombo ambacho msomaji hukitumia kurudisha yale ambayo mwandiko umeyaacha. Kwa kuwa miandiko ya lugha mbalimbali huacha mambo mbalimbali, kazi ya sauti hiyo haiwezi kuwa sawa katika kila lugha. Mifano yetu itatoka zaidi katika eneo la Mugutha, lililo kati ya miji ya Ruiru na Thika katika kaunti ya Kiambu, kwa sababu wakazi wengi wa huko husoma lugha tatu, yaani Kigĩkũyũ, Kiswahili na Kiingereza, na zote tatu huandikwa kwa herufi za Kirumi ambazo hazina thamani moja.

1. Kusoma, gũthoma na kimoyomoyo

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Katika Kiswahili kitenzi kusoma hakikuhusu macho peke yake. Watu husoma Maulidi, husoma hitima, husoma Kurani. Na katika matumizi hayo yote kinachotajwa ni tendo la sauti, tena mara nyingi sauti ya wengi kwa pamoja, na huenda msomaji hana kitabu mbele yake kabisa kwa kuwa amekwisha kuhifadhi. Maana ya kupitisha macho juu ya maandishi na kupata ujumbe bila ya kutoa sauti ni tawi tu la maana hiyo pana.

Ndugu wa kitenzi hiki katika Kigĩkũyũ ni gũthoma. Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kwamba s ya Kiswahili imelingana na th ya Kigĩkũyũ, na kwamba kiambishi kũ- kimekuwa gũ- kwa kanuni ya kutofautisha konsonanti ambayo wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl. Lakini jambo la kupendeza zaidi liko katika historia ya nomino iliyozaliwa na kitenzi hicho. Wakati wa misheni, athomi, yaani wasomaji, lilikuwa jina la Wakristo. Waliojiunga na misheni kama ile ya Kambui, ambako Harry Thuku alipata masomo yake ya kwanza kabla ya kwenda Nairobi kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti, waliitwa wasomaji kabla ya kuitwa waumini. Na kusoma huko kulikuwa kwa sauti: katika ibada, katika darasa la katekisimu, na nyumbani mbele ya wazazi wasiojua herufi.

Kwa hiyo katika lugha zote mbili kusoma bila ya sauti kulihitaji jina la pekee, na Kiswahili kilichagua jina zuri: kimoyomoyo. Neno hili limeundwa kwa kiambishi ki- cha namna, na shina moyo likarudiwa mara mbili. Hatusemi kichwani wala machoni, bali kwa namna ya moyo. Moyo katika Kiswahili ndipo mahali pa mazungumzo ya siri ya mtu na nafsi yake: mtu husema moyoni, hujiuliza moyoni, huapa moyoni. Basi kusoma kimoyomoyo, kwa mujibu wa neno lenyewe, si kusoma bila ya sauti. Ni kusoma kwa sauti iliyohamia ndani. Wagĩkũyũ nao husema ngoro-inĩ, yaani moyoni, wanapotaja maneno ambayo mtu hakuyatoa kinywani.

Mabadiliko hayo ya kutoka kinywani hadi moyoni si ya Afrika peke yake. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, alieleza katika Maungamo yake jinsi alivyomwona Askofu Ambrose wa Milan akisoma huku sauti na ulimi wake vimetulia. Wataalamu wa siku hizi wamebishana kama tendo hilo lilikuwa la ajabu kweli katika karne ya nne, na wengi sasa wanakubali kwamba usomaji wa kimya ulijulikana tangu zamani. Lakini Augustino aliliona kuwa jambo linalostahili kuelezwa, na hilo latosha kutuonyesha kwamba kimya cha msomaji hakikuchukuliwa popote kuwa jambo la kawaida tu.

2. Bango moja, sauti mbili

Mtu asafiriye kwa barabara kuu ya Thika, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012, hupita mabango mengi ya majina ya mahali. Tulichukue jina Mugutha. Kwa macho, jina hili ni lile lile kwa kila msafiri. Kwa sauti ya ndani, sivyo.

Mswahili wa Mombasa au Tanga akilisoma kimoyomoyo hulipa thamani za herufi anazozijua. Th yake ni ile ya thamani na thelathini. G yake ni ile ya gari. Irabu zake za u mbili ni sawa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo desturi ya Kiswahili. Msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigĩkũyũ, akiwa amekaa kiti kile kile cha matatu, hupata jina jingine. Th ya Kigĩkũyũ ina ghuna, nayo iko karibu na dh ya dhahabu. G yake haizibi pumzi kabisa, bali iko karibu na gh ya ghali. Irabu ya kiambishi ni ile ambayo mwandiko kamili wa Kigĩkũyũ huipambanua kwa alama juu ya ũ, ingawa wachoraji wa mabango na ramani huiacha alama hiyo. Zaidi ya hayo, kila silabi ina toni yake, juu au chini, ambayo mwandiko hauionyeshi kabisa.

Watu hawa wawili wamesoma herufi saba zile zile, na hakuna aliyekosea kusoma. Tofauti yao haiko kwenye bango bali katika hazina ya sauti ambayo kila mmoja alikuja nayo. Jina la Thika lenyewe lina hali hiyo hiyo.

Ushahidi wa kwamba sauti hii ya ndani ipo kweli, na kwamba si mfano wa maneno tu, unapatikana katika madaftari ya wanafunzi. Kigĩkũyũ hakina sauti l, na herufi c ya Kigĩkũyũ hutamkwa karibu na sh ya Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili katika sehemu hizi amezoea kusahihisha kurara palipotakiwa kulala, na shakula palipotakiwa chakula. Mtoto aliyeandika hivyo hakusema kitu; darasa lilikuwa kimya wakati wa insha. Mkono wake uliandika kile alichokisikia ndani. Kosa la tahajia, kwa hiyo, ni dirisha ambalo kwalo tunaweza kuisikiliza sauti ya kimoyomoyo, na ingefaa madaftari ya namna hiyo yachunguzwe kwa nia hiyo kabla ya kupitishwa kalamu nyekundu na kutupwa.

3. Mambo ambayo mwandiko huyaacha

Hakuna mwandiko unaoandika kila kitu. Kiswahili husifiwa, na kwa haki, kwa kuwa tahajia yake hufuata matamshi kwa karibu sana. Hata hivyo kinaacha mambo yake. Mfano unaojulikana na wote ni barabara. Mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, neno hili ni njia kuu. Mkazo ukitangulia silabi moja, ni sawasawa kabisa. Anayesoma sentensi isemayo kwamba kazi imefanywa barabara hana budi kuchagua, na uchaguzi wake haufanywi na jicho. Hufanywa na sauti ya ndani ikisaidiwa na muktadha.

Mfano wa pili ni wa mpumuo. Mwenyeji wa Mombasa au Lamu hutofautisha paa ambaye ni mnyama na paa la nyumba, na vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto, kwa kutoa pumzi katika konsonanti ya kwanza ya majina ya wanyama hao. Tahajia sanifu haiionyeshi tofauti hii, na wasemaji wengi wa bara hawanayo. Kwa hiyo hata katika kitabu kimoja cha Kiswahili sanifu, sauti anayoisikia msomaji wa Lamu ina kitu ambacho sauti ya msomaji wa Mugutha haina, ingawa wote wawili wataelewa.

Mfano wa tatu ni kiimbo. Kiswahili hakibadili mpangilio wa maneno katika swali la ndiyo au siyo. Amekwenda Thika ni taarifa, na Amekwenda Thika? ni swali, alama pekee ya tofauti hiyo iko mwishoni. Msomaji wa kimya asipokuwa na neno je mwanzoni la kumwonya, huweza kuianza sentensi kwa kiimbo cha taarifa. Wachunguzi wa usomaji wamejua tangu mwanzo wa karne ya ishirini kwamba jicho hutangulia sauti kwa maneno machache. Nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha msomaji mzoefu kuliona swali kabla sauti yake haijafika hapo, na kutokuwa nayo ndiko kunakomfanya mwanafunzi arudi nyuma na kuisoma sentensi upya.

Ikiwa tahajia ya sasa inaacha machache, mwandiko wa zamani wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu uliacha mengi zaidi. Katika hati nyingi alama ya kasra ilisimama badala ya i na e, na dhuma badala ya u na o. Herufi moja iliweza kuwa b, mb au hata p. Msomaji wa utenzi uliokuwa katika hati ya namna hiyo hakuweza kuupata kwa jicho tu. Ilimpasa aujue wimbo, mizani na vina, na mara nyingi aujue utenzi wenyewe kwa kuusikia kabla ya kuuona. Kwa hiyo desturi ya pwani ya kuzisoma tenzi kwa mahadhi haikuwa anasa. Mahadhi ndiyo yaliyoufungua mwandiko. Aliyekwisha kuyazoea, hata alipoushika utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 na kuupitia kimya, hakuweza kuziona beti zake bila ya kusikia mapigo yake.

Kigĩkũyũ kinaacha jambo kubwa kuliko yote haya. Ni lugha ya toni, na toni hutofautisha maneno na hata nyakati za vitenzi. Lakini mwandiko wake wa kawaida hauna alama za toni. Alama za ĩ na ũ ni za irabu, na lugha hii ina irabu saba, wala si za toni kama wageni wengi wanavyodhani. Neno iria huandikwa kwa herufi zile zile likiwa na maana ya maziwa ya kunywa, na likiwa na maana ya ziwa au bahari. Msomaji hupewa mifupa ya neno, na nyama huitia mwenyewe.

4. Ushahidi wa mwandishi

Shahidi mkubwa wa jambo hili ni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kaunti hii hii, upande wa Limuru, na kufariki mwaka 2025. Riwaya yake ya kwanza katika Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, aliiandika mwaka 1978 juu ya karatasi za msalani akiwa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ, ambalo haliko mbali na Ruiru. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ikafuata.

Katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya siasa ya lugha katika fasihi ya Afrika, Ngũgĩ anaeleza taabu aliyoipata. Mwandiko wa Kigĩkũyũ haukumtosheleza, kwa sababu ya toni na urefu wa irabu. Aliweza kuandika aya jioni akiwa na hakika ya jinsi inavyosomeka, na baadaye akaikuta inasomeka kwa namna nyingine iliyogeuza maana yote. Dawa aliyoipata ni kuubana muktadha: kupanga maneno katika sentensi, na sentensi katika aya, mpaka msomaji asibakiwe na njia ila moja.

Wahakiki wameitumia habari hii mara nyingi kama hoja ya kutengeneza mwandiko bora, na ni hoja ya haki. Kwetu sisi ina maana nyingine pia. Jioni ile mwandishi alipoandika, sauti ya ndani ilikuwa ikisema toni zote, na kwa kuwa aliisikia, hakuona upungufu wowote katika karatasi. Siku ya pili sauti ile haikuwepo; ilibaki karatasi peke yake, naye akawa msomaji kama wengine. Pengo kati ya siku hizo mbili ndilo pengo ambalo kila msomaji wa Kigĩkũyũ hulijaza kwa sauti yake mwenyewe, na kwa kawaida hulijaza upesi hata asitambue kwamba amefanya kazi.

Na kitabu hicho kilipotoka hakikubaki katika kimya. Mwandishi anasimulia kwamba kilisomwa kwa sauti katika familia, katika magari ya abiria na katika mabaa. Msomaji wa baa alisoma mpaka bilauri yake ilipokwisha, akasimama penye utamu wa hadithi, na wasikilizaji wakalazimika kumnunulia kinywaji kingine ili aendelee. Baadhi ya wasikilizaji hao waliweza baadaye kukishika kitabu wenyewe. Yamkini hawakukisoma kwa sauti yao peke yao, kwani aliyekwisha kusikia mhusika akisemeshwa na msomaji hodari hawezi kumnyang'anya sauti hiyo kwa urahisi.

5. Sauti ni ya nani?

Hapo tumefikia swali la pili. Wako wasemao kwamba wanaposoma husikia sauti yao wenyewe. Wako wasikiao sauti ya mwandishi kama wanamjua, au sauti tofauti kwa kila mhusika. Wengine hawasikii chochote. Nchini Kenya mfano mwepesi uko karibu. Wakenya wengi wa makamo wakiona maneno Je, huu ni ungwana? yamechapishwa mahali popote, hawasomi herufi tupu. Husikia sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyekiendesha kipindi hicho redioni tangu miaka ya 1960 na kuaga dunia mwaka 2025. Vijana wasioijua redio ya miaka hiyo husoma maneno yale yale kwa sauti nyingine. Maandishi hayakubadilika; kilichobadilika ni kumbukumbu ya sikio.

Elimunafsi imelishughulikia jambo hili kwa vipindi. Edmund Huey, Mmarekani, alilitolea sura nzima ya maelezo katika kitabu chake juu ya usomaji cha mwaka 1908, akashikilia kwamba usemi wa ndani ni sehemu ya usomaji wa watu wengi. Lev Vygotsky wa Urusi, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1934, alieleza kwamba usemi wa ndani hutokana na usemi wa nje: mtoto husema na wengine, kisha hujisemea kwa sauti, kisha husema moyoni, na katika safari hiyo usemi hufupishwa na kubadilika umbo. Maoni yake yanapatana vizuri na neno letu kimoyomoyo. Pia yanatuonya kwamba sauti ya ndani si nakala ya sauti ya kinywa. Huweza kuruka maneno, kukimbia, au kubaki kiimbo kitupu.

Onyo jingine linatoka kwa Russell Hurlburt, ambaye tangu miaka ya 1970 amewapa watu kifaa kinacholia kwa nyakati zisizotarajiwa, nao hueleza kile kilichokuwa ndani yao hasa wakati ule. Amekuta kwamba wengi walioshikilia kwamba siku zote husema ndani kwa ndani hawakuwa wakisema kitu kifaa kilipolia. Basi maelezo ya jumla ambayo mtu hutoa juu ya nafsi yake hayatoshi. Anayetaka kuchunguza wasomaji wa Mugutha asiulize, Je, wewe husikia sauti usomapo? Amsimamishe msomaji katikati ya sentensi, aulize juu ya sentensi ile, kisha afanye hivyo kwa Kigĩkũyũ, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kama hoja yetu ni ya kweli, sauti itapatikana mara nyingi zaidi pale ambapo mwandiko umeacha mengi na muktadha haujasaidia.

6. Taswira: ya maandishi au ya msomaji?

Kuhusu picha za ndani, lugha yetu ya uhakiki ina utata ambao hatuna budi kuufumbua. Tunaposema taswira, mara tunamaanisha maneno ya mwandishi yanayochora kitu, na mara tunamaanisha picha iliyo akilini mwa msomaji. Tumezoea kuchukulia kwamba la kwanza huzaa la pili bila shaka. Mwanafunzi huulizwa katika mtihani ataje taswira zilizomo, na hupewa alama kana kwamba ameziona.

Lakini tangu mwaka 1880 Francis Galton, Mwingereza, alipowataka watu wafikirie meza yao ya asubuhi na kueleza picha waliyoipata, ilijulikana kwamba watu hawafanani. Baadhi waliiona meza kama iko mbele yao. Wengine, wakiwemo wanasayansi mashuhuri, hawakuona kitu, wakadhani kwamba wanaosema jicho la akili hutumia tamathali ya usemi tu. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo ya kukosa picha jina la afantasia. Si ugonjwa wala upungufu wa akili. Wenye hali hiyo husoma, huelewa, na hata kutunga.

Na kwa wale waonao picha, picha hizo hutoka wapi? Chukua mwanafunzi wa Mugutha asomaye Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya mwaka 1996 ambayo mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, amekulia Tanga. Msomaji huyo huenda hajaiona bahari. Analo neno, analo muktadha, na anayo maji aliyoyaona: mto Ruiru, maporomoko ya Chania mjini Thika, au bwawa la shamba la kahawa. Bahari yake ataijenga kwa vifaa hivyo, na kwa picha za vitabu na runinga. Kumbuka pia kwamba neno maziwa katika Kiswahili, kama iria katika Kigĩkũyũ, huweza kuwa ya kikombe au ya nchi. Picha haiwezi kuja kabla neno halijachaguliwa, na tumekwisha kuona kwamba katika uchaguzi huo sauti ina sehemu yake. Kwa hiyo taswira ya msomaji si alama ya muhuri iliyopigwa na mwandishi. Ni kazi ya pamoja ya maandishi, sauti na maisha ya msomaji.

Tungependekeza basi kwamba neno taswira libakizwe kwa maandishi, na kwa kile kilichomo ndani ya msomaji tutumie picha ya ndani. Mgawanyo huu mdogo utamzuia mhakiki asidai kwamba wasomaji wote wameona alichoona yeye.

7. Matokeo yake katika ufundishaji

Haya si mambo ya udadisi tu. Katika shule nyingi mtoto akitikisa midomo wakati wa kusoma kimya hukemewa, kwa imani kwamba sauti humchelewesha. Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Mwaka 1966 Curtis Hardyck na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba msomaji akisikilizishwa mtikisiko wa misuli yake ya koo, huweza kuuacha upesi. Lakini Hardyck na Petrinovich walipoendelea na uchunguzi mwaka 1970, walikuta kwamba waliozuiwa kutumia usemi huo walipungukiwa na ufahamu pale maandishi yalipokuwa magumu. Wepesi ulivumilia kimya. Ugumu ulidai sauti.

Sasa na tufikirie ugumu huo kwa mtoto wa Mugutha. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza. Katika sehemu za Ruiru na Thika, ambako mashamba ya kahawa yamekatwa viwanja na watu wa makabila mengi wamejenga, lugha ya eneo yenyewe ni jambo la kujadiliwa, na mara nyingi mtoto huanzishwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Matokeo ni kwamba wako watoto wanaoongea Kigĩkũyũ kila siku lakini hawajawahi kukifundishwa katika maandishi. Wakikutana na ukurasa wa Kigĩkũyũ husema kwamba ni kigumu. Ugumu huo hautoki katika lugha, kwa kuwa lugha wanayo. Hawajapata kufundishwa kutia toni zao katika herufi zisizo na toni. Wakiambiwa wasome kimya wananyang'anywa chombo pekee ambacho kingewasaidia; wakiruhusiwa kusoma kwa sauti, sikio lao hulitambua neno ambalo jicho lililikataa.

Kwa hiyo tungewaomba wanaoandaa mitaala ya walimu wazingatie mambo matatu. Kwanza, katika lugha za toni usomaji wa sauti uendelezwe zaidi ya madarasa ya chini, na mtikisiko wa midomo usihesabiwe kosa. Pili, mwanafunzi asikilizishwe wasomaji hodari wa lugha yake, kwa kuwa sauti atakayosomea kimya baadaye ataikopa kwao. Tatu, maswali ya fasihi yasimlazimishe mwanafunzi kueleza picha anayoiona. Yamtake aonyeshe jinsi maneno yalivyofanya kazi, jambo ambalo mwenye picha na asiye nayo wote wanaweza kulifanya.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usomaji wa kimya si kimya kitupu, na kwamba wahenga waliounda neno kimoyomoyo walilieleza jambo hili kwa usahihi. Mwandiko humpa msomaji sehemu ya lugha, na sehemu iliyobaki hutolewa na yeye: mkazo katika Kiswahili, irabu katika hati za zamani, toni katika Kigĩkũyũ, na bahari kwa asiyeiona bahari. Wanaisimu wamekuwa wakichunguza kwa bidii kile kilichoandikwa na kile kinachosemwa. Kati ya hivyo viwili kuna lugha ya tatu, ile isemwayo moyoni na mtu aliyeinamia kitabu, na lugha zetu, ambazo miandiko yake huacha mengi, zinafaa kuliko nyingi kuwa mahali pa kuichunguza. Kazi hiyo yaweza kuanzia katika darasa lolote la Mugutha, kwa kitabu kimoja cha Kigĩkũyũ, kimoja cha Kiswahili, na mwalimu aliye tayari kuuliza na kusikiliza.